Hesabu ya Miguu ya Ben Jipcho

Ukimtaja Ben Jipcho, wengi hukimbilia fainali ya mita 1,500 ya Mexico 1968, na huko humpa kazi moja tu: kijana aliyemtangulia Mkenya mwenzake Kipchoge Keino ili wapinzani wachoke. Sifa hiyo inampunja mzaliwa huyu wa Mlima Elgon, aliyefariki Julai 2020. Hoja yangu ni kwamba Jipcho alikuwa na kitu adimu kuliko moyo wa kujitolea. Mwili wake uliunganisha kasi ya mkimbiaji wa maili na pumzi ya mkimbiaji wa mita 5,000, na karibu kila alichovuna, kuanzia nishani hadi dola za Marekani, kilitokana na muungano huo.

Tuanze na Mexico yenyewe, maana ushahidi uko palepale. Mmarekani Jim Ryun ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia, dakika 3 sekunde 33.1, na hatari yake ilikuwa katika mzunguko wa mwisho. Dawa yake ilikuwa kumlazimisha atumie nguvu mapema, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Jipcho akapita mita 400 za kwanza kwa takriban sekunde 56. Keino akaipokea kazi hiyo, akashinda kwa 3:34.91, Ryun akiwa nyuma kwa karibu sekunde 3. Jipcho alimaliza wa kumi, na hapo ndipo watu hufunga daftari. Lakini mbio hizo zilionyesha kwamba kasi alikuwa nayo tele. Swali lilikuwa angeipeleka wapi.

Aliipeleka kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Munich 1972 alipata fedha nyuma ya Keino huyohuyo. Mwaka uliofuata ndio wa kuchambuliwa kwa kalamu na karatasi. Juni 1973 ilianza rekodi ya dunia ikiwa 8:20.8, muda ambao Jipcho mwenyewe alikuwa ameufikia Lagos mwezi Januari. Huko Helsinki akaishusha hadi 8:19.8, kisha siku chache baadaye 8:13.91. Karibu sekunde 7 ziliondoka ndani ya mwezi mmoja, katika mbio ambazo rekodi yake huwa inakatwa vipandevipande. Hapakuwa na mtindo mpya wa kuruka uliogunduliwa wiki hiyo. Gawanya muda huo kwa mizunguko: ni takriban sekunde 66 kwa kila mita 400. Sasa chukua maili yake ya Stockholm, siku chache baada ya rekodi hiyo, 3:52.0: ni sekunde 58 kasoro kwa mita 400. Halafu mita 5,000 zilizompa dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, mwanzoni mwa 1974, dakika 13 na sekunde 14 hivi: sekunde 63 na nusu. Maana yake ni kwamba akiwa na viunzi 28 na vidimbwi saba vya maji mbele yake, alikimbia polepole kuliko kasi yake ya mita 5,000 tambarare kwa sekunde mbili na nusu tu kila mzunguko. Kiunzi cha mbio hizi kina urefu wa sentimita 91.4 na hakianguki ukikigonga. Anayekifikia akiwa amekaza kila msuli hujikwaa au hukatiza hatua. Jipcho alikuwa na akiba, na mwenye akiba hurekebisha hatua zake bila kupunguza mwendo.

Atakuja mtu na kusema rekodi hiyo haikudumu, kwamba Anders Gärderud wa Uswidi aliivunja mwaka 1975, na kwa hiyo ufundi wa kuruka ulishinda akiba ya kasi. Ni kweli iliangukia mikononi mwake. Lakini rekodi kuvunjwa baada ya miaka miwili si hoja dhidi ya njia iliyoiweka. Na Christchurch inajibu vizuri zaidi. Pale Jipcho alitwaa dhahabu ya mita 5,000, dhahabu ya viunzi na maji, kisha siku ya mwisho akaingia fainali ya mita 1,500 ambayo Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza kutoka mwanzo hadi rekodi ya dunia ya 3:32.16. John Walker akawa wa pili. Jipcho, miguu ikiwa na uchovu wa siku zote hizo, akawa wa tatu kwa 3:33.16, muda uliokaribia kabisa rekodi ya Ryun iliyokuwa ikivunjwa siku hiyo. Mrukaji wa viunzi mtupu hafanyi hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Mwaka huohuo wa 1974 Jipcho alijiunga na ITA, mashindano ya riadha ya kulipwa Marekani, na kwa sheria za wakati ule mlango wa Olimpiki ukafungwa. Wapo wanaoona aliitupa dhahabu ya Montreal. Mimi naona aliuza kile hasa alichokuwa nacho. ITA ililipa kwa kila mbio, hivyo mtu aliyeweza kukimbia maili na maili mbili usiku mmoja, na kushinda zote, alibeba bahasha mbili. Ndivyo alivyopanda hadi kuwa kati ya waliolipwa zaidi humo. Hakuweza kujua 1974 kwamba Kenya ingesusia Montreal 1976 kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, kwa hiyo sitampa sifa ya utabiri. Ila ukweli unabaki kwamba hakuna Mkenya aliyeshindana Montreal, awe wa ridhaa au wa kulipwa. ITA nayo ilifungwa mwaka huohuo, na Jipcho alikuwa amekwisha kuchuma.

Kwa hiyo makocha wa Kitale na Bungoma wanaotafuta vijana wa viunzi na maji wasianze na kiunzi. Wampime kwanza kijana mita 1,500 na 5,000 tambarare, ndipo wamwonyeshe kidimbwi.