Kipande cha Msimbo Hupimwa Mtandao Ukikatika

Anayetengenezea tovuti duka la vifaa vya ujenzi pale Buhongwa haandiki kila mstari mwenyewe. Huokota kipande hapa na pale, akabandika. Si dhambi. Ila kipande kuwa kifupi, au kufanya kazi mara ya kwanza, si sifa.

Kwanza tazama umri. Ukikuta mysql_query ndani ya PHP, acha hapohapo: iliondolewa katika PHP 7, Desemba 2015. Maelekezo ya kuipa folda ruhusa 777 ili picha zipande nayo yaache. Mpe umiliki wa folda hiyo mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti, basi.

Namba za simu huumbua wengi. Kikaguzi kinachotaka 07 peke yake humfukuza mteja wa 06. Kizuri hupokea 06, 07 na +255, hata zenye nafasi katikati, kisha huzihifadhi kwa sura moja: 255 na tarakimu tisa.

Saa pia. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo siku ya seva hufungwa kwetu ikiwa saa tisa usiku. Bia iliyouzwa saa saba usiku huingia kwenye hesabu za jana. Mwenye baa huenda akapenda; mhasibu wake hatapenda. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa Africa/Dar_es_Salaam.

Lakini ustadi wenyewe huonekana kwenye malipo ya simu. Mteja akishalipa, mfumo wa malipo huitumia seva yako taarifa, na isipojibiwa mapema huenda ikatumwa tena. Kipande kibovu huongeza salio kila taarifa inapofika. Cha wastani huuliza kwanza kanzidata kama muamala huo upo, na hapo wengi huridhika. Mimi siridhiki: taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote mbili huambiwa haupo, na salio hupanda mara mbili. Kipande cha fundi huiwekea namba ya muamala sharti la upekee ndani ya kanzidata yenyewe, ili ya pili ikataliwe. Tena huandika muamala na salio kwa mkupuo mmoja, umeme ukikatika katikati vibaki vyote au kisibaki hata kimoja.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota. Siku kama hizo ndipo utajua nani aliweka kikomo cha muda. cURL ya PHP usipoiwekea kikomo cha kusubiri jibu, hungoja tu, na mteja anangoja nayo. Sekunde 10 zinatosha kwa kazi nyingi.

Kabla ya kukabidhi, itumie seva taarifa ileile ya malipo mara mbili kwa wakati mmoja, kisha fungua kanzidata uhesabu rekodi.