Kadi ya Mtandao Iliyoangusha Seva Nzima

Mwaka 2013, wasimamizi waliokuwa wakiendesha ESXi 5, programu ya VMware inayobeba mashine pepe, walikabiliwa na hitilafu ambayo madhara yake hayakulingana kabisa na chanzo chake. Seva ilikuwa inasimama ghafla, pamoja na mashine pepe zote ilizozibeba, na kuacha skrini ya zambarau iliyojaa mistari ya namba. Chanzo kilikuwa aina ya kadi ya mtandao iliyochaguliwa siku mashine pepe moja ilipoundwa. Nairudia kesi hii kwa sababu inaweka wazi jambo ambalo wengi tulio katika kazi hii hulipita haraka: kuchagua kadi ya mashine pepe ni uamuzi unaoihusu seva mwenyeji yenyewe.

Tuanze na hiyo skrini. Kerneli ya ESXi inapofika mahali ambapo kuendelea kunaweza kuharibu data, hujisimamisha yenyewe, huhifadhi nakala ya kumbukumbu yake kwenye sehemu maalumu ya diski, kisha hungoja mtu. Na mtu akifika, wa kwanza kulaumiwa ni umeme, halafu RAM, halafu joto la chumba. Sisemi ni makosa kuvishuku vitu hivyo. Lakini RAM mbovu haina adabu: leo inaangusha mfumo mahali hapa, kesho pengine, na mara nyingi prosesa yenyewe huripoti kwamba vifaa vina kasoro. Katika kesi hii kila anguko lilikuwa na sura ileile. Juu palikuwa na Exception 14, maana yake kerneli imejaribu kugusa anwani ya kumbukumbu isiyokuwepo, na anwani yenyewe ilikuwa sifuri. Chini yake, katika orodha ya kazi zilizokuwa zikitekelezwa, yalijitokeza majina mawili: E1000PollRxRing na E1000DevRx. Hitilafu inayorudi kwenye mstari uleule wa msimbo, anwani ikiwa sifuri, inanuka programu. Aliyesoma mistari hiyo kabla ya kuagiza RAM mpya aliokoa fedha na siku kadhaa.

Majina hayo yanasema mengi. E1000 na ndugu yake E1000E ni kadi za kuigizwa. ESXi huiga kwa programu kadi halisi za Intel: E1000 inaiga 82545EM, na E1000E inaiga 82574. Faida yake ni kwamba Windows tayari ina draiva ya kadi hizo, kwa hiyo mashine pepe inaingia mtandaoni bila kusakinishiwa chochote. Windows Server 2012 ilipotoka Septemba 2012, anayeunda mashine pepe yake kwenye vSphere, jukwaa la VMware linalojumuisha ESXi, alipewa E1000E moja kwa moja. Wengi walibonyeza na kuendelea, wala hakuna la kuwashangaa, kwani mtandao ulifanya kazi.

Sasa tazama pakiti inavyopokelewa. Mfumo ulio ndani ya mashine pepe, yaani mgeni, huandaa safu ya bafa zilizopangwa kwa mviringo, na safu hiyo huitwa pete. Ni kama ndoo tupu zilizopangwa kuzunguka kisima: seva mwenyeji hujaza moja baada ya nyingine, na mgeni humwaga na kuzirudisha tupu. Mzigo ukiwa mkubwa, mgeni huchelewa kumwaga na pete hujaa. Windows nayo ina utaratibu uitwao RSS, unaogawa pakiti zinazoingia ili prosesa zaidi ya moja zizishughulikie, na kwa hiyo hutumia pete zaidi ya moja. Kosa lilikuwa katika makutano hayo. Pete ilipojaa, pakiti iliyofuata ikashughulikiwa kwa pete ya pili, msimbo ulikuta kielekezi tupu na ukaendelea kukitumia kana kwamba kina kitu.

Kama msimbo huo ungekuwa ndani ya mashine pepe, ingeanguka mashine hiyo peke yake. Lakini sehemu hiyo ya uigizaji huendeshwa ndani ya kerneli ya ESXi, na kerneli ikigusa anwani sifuri hakuna aliye juu yake wa kuisamehe. Mpangilio wa mgeni mmoja, ukisaidiwa na wingi wa pakiti, ukawatoa uhai wote waliokuwa nyumba moja naye.

Kumpata mhusika nako kulikuwa na mtego. Skrini ya zambarau hutaja ni mchakato gani uliokuwa ukiendeshwa wakati wa anguko, na ni rahisi kudhani kwamba mashine pepe iliyotajwa ndiyo yenye kasoro. Siyo lazima. Pakiti inapotoka kwa mashine moja kwenda kwa nyingine ndani ya seva ileile, kazi ya kuipitisha kwenye swichi pepe na kuifikisha kwa mpokeaji inaweza kufanyika kwa jina la mtumaji. Mtumaji anatajwa, ilhali kadi mbovu ni ya mpokeaji. Ndiyo maana namwamini zaidi anayeorodhesha kadi za mashine zote zilizokuwa kwenye seva hiyo kuliko anayekimbilia jina moja.

Na haraka ilihitajika. Seva ikianguka, vSphere HA huziwasha upya mashine zake kwenye seva nyingine, na ndiyo kazi iliyowekewa. Ila hapa inamhamisha mhusika pamoja na wengine. Mzigo ukirudi palepale, seva ya pili nayo inaweza kuanguka.

Tiba zilikuwa tatu. Ya haraka ni kuzima RSS ndani ya Windows:

netsh int tcp set global rss=disabled

Ya pili ni kubadili kadi kuwa VMXNET3, ambayo haiigi kifaa chochote cha kweli. Imebuniwa kwa ajili ya mashine pepe tangu mwanzo. Ya tatu ni viraka ambavyo VMware ilivitoa kwa ESXi. Wapo waliobadili kadi na kuviacha viraka, na hapo natofautiana nao. Novemba 2018 VMware ilitangaza dosari CVE-2018-6981 katika VMXNET3 yenyewe: msimbo ulitumia eneo la kumbukumbu kabla ya kuliandaa, na aliye ndani ya mashine pepe angeweza kutekeleza amri kwenye seva mwenyeji. Safari hiyo waliokuwa na kadi za aina nyingine ndio waliokuwa salama.

Anayebadili kadi leo kwenye mashine ya zamani azingatie mpangilio. VMware Tools isakinishwe kwanza, kwa sababu draiva ya VMXNET3 imo humo. Bila hiyo Windows itaamka ikiwa haina mtandao. Aandike anwani ya IP, lango na DNS kabla ya kuzima. Kadi mpya huja na anwani mpya ya MAC, kwa hiyo IP iliyotengwa kwenye DHCP kwa MAC ya zamani itapotea, na leseni za programu zilizofungwa kwenye MAC zitagoma. Akiipa kadi mpya IP ileile, Windows inaweza kulalamika kwamba tayari inatumiwa na kadi nyingine. Ni ile ya zamani, imefichika kwenye Device Manager, na inapaswa kuondolewa. Mwisho, afungue na kile kiolezo kinachotumika kuzalisha mashine mpya. Kama bado kina E1000E, kila mashine itakayotoka humo itakuja nayo.