Mwangwi Uliolisha Injini

Fungua boneti ya Chrysler 300F ya mwaka 1960 na utadhani fundi aliyeifunga alikosea. Kabureta mbili haziko katikati ya injini. Moja imesukumwa pembeni kabisa kulia, nyingine kushoto, na kati yao mabomba marefu ya alumini yanapishana juu ya injini kama mikono iliyokunjwa kifuani. Kabureta ya kulia inalisha silinda za kushoto. Ya kushoto inalisha za kulia. Kila njia ina urefu wa kama sentimita 76. Kwa nini kuizungusha hewa safari yote hiyo, wakati mlango wa silinda uko hatua chache tu?

Jibu ni mwangwi. Pistoni inaposhuka huivuta hewa, na mvuto huo hupanda bombani kama wimbi, kwa mwendo wa sauti, karibu mita 345 kwa sekunde. Likifika mdomo wa bomba na kukuta uwazi, wimbi hugeuka na kurudi. Utamu uko hapo: lilikwenda likiwa mvuto, linarudi likiwa msukumo. Likiwahi kabla valvu haijafunga, linaishindilia silinda hewa ambayo pistoni peke yake isingeweza kuivuta.

Piga hesabu. Kwenda na kurudi ni mita 1.5 hivi, yaani milisekunde 4.4. Injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, pistoni huchukua milisekunde 10.7 kushuka kutoka juu hadi chini. Wimbi lenye nguvu zaidi huanza pale pistoni inapokimbia kuliko wakati wowote, kabla kidogo ya nusu ya muda huo, na kurejea pistoni ikiwa imekaribia mwisho wa safari, imechoka na haivuti tena. Hapo ndipo msukumo unapohitajika. Na kweli, injini hii ya lita 6.8 ilitoa nguvu yake kubwa ya msokoto, Nm 671, kwenye mizunguko hiyo hiyo 2,800. Haikuwa na turbo wala pampu ya kusukuma hewa.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni toleo la pili, la wapenda mashindano. Mainjinia hawakuchora mabomba mapya. Kwa nje urefu ulibaki ule ule, ila ndani walizikata kuta zinazotenganisha njia, zikabaki sentimita 38 tu za njia iliyojitenga. Wimbi likawa na safari nusu. Nguvu ikapanda kutoka farasi 375 hadi 400, msokoto ukashuka hadi Nm 630, na kilele chake kikahamia mizunguko 3,600. Anayefuata hesabu kavu angetarajia 5,600. Lakini kemshafti, valvu na kabureta nazo zina kauli katika jambo hili, na bomba haliwezi kuamua peke yake.

Gharama yake inaonekana pia. Bomba lenye urefu mmoja linaimba noti moja. Nje ya mizunguko liliyopangiwa, wimbi linawahi mno au linachelewa, na wakati mwingine linarudi likiwa kizuizi. Mazda waliliondoa tatizo hilo kwenye gari la mbio 787B, lililoshinda Le Mans mwaka 1991: mirija ya kuingizia hewa ilikuwa ya kuingiana kama darubini ya baharia, ikirefuka na kufupika kufuatana na mizunguko. Ni ufumbuzi wa kupendeza, ila nisingependa kulipia matengenezo yake.

Toyota walichagua njia rahisi zaidi, wakaiita ACIS: valvu moja ndani ya manifoldi inafunga na kufungua, na urefu ambao wimbi linauona unabadilika. Utaikuta kwenye baadhi ya injini zao za silinda 6, zile zilizoletwa kwetu zikiwa zimetumika Japani. Valvu hiyo huendeshwa kwa vakyumu. Kampira kanakovutwa na vakyumu hiyo kakipasuka, gari halizimiki wala halitoi moshi; linakuwa zito tu katika sehemu ya mizunguko, na mwenye gari anabadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Wengine wanaambiwa watoe boksi la eya klina ili injini ipumue. Wanabaki na mngurumo mkubwa na vumbi ndani ya silinda, na kale kampira bado kamepasuka.