Kompyuta za Zamani na Mfumo Mpya

Msomaji, umezoea kusoma uhakiki wa riwaya, wa tamthilia na wa mashairi, na huenda ukashangaa kukutana hapa na uhakiki wa kitu kisichosomwa wala kuimbwa. Walakini mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ni kazi ya akili za watu kama ilivyo riwaya. Umetungwa kwa lugha maalumu, una mpango wake, una uzuri wake na makosa yake, na watungaji wake wana nia zao juu yako. Riwaya mbaya waweza kuifunga na kuirudisha kabatini. Mfumo mbaya utakaa nao miaka mitano, na katika miaka hiyo ndio utakaoshika barua zako, picha zako na alama zako za mtihani. Kwa hiyo yapasa uchaguliwe na mtu aliyefikiri.

Nataka tuzungumze juu ya jambo lililozikabili shule, ofisi na nyumba nyingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo wake uitwao Windows 10, ambao ulikuwa umetumika tangu Julai 2015. Siku ile kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, na katika chumba cha walimu niliwasikia wenzangu wakicheka na kusema kwamba habari zile zilikuwa uvumi wa wauza kompyuta. Mimi nami nilicheka kidogo, mpaka nilipokaa chini na kujiuliza maana ya neno kutunza.

Mfumo wa uendeshaji hufanya kazi inayofanana na ya msimamizi wa bandari ya Kilindini: meli ni nyingi, gati ni chache, na kila nahodha ana haraka. Programu ya kuandikia yataka nafasi katika kumbukumbu, ya muziki nayo yataka, printa yangoja, na mtu anabonyeza vitufe bila kukoma. Mfumo ndio utoao zamu. Programu kubwa namna hii huandikwa kwa mamilioni ya mistari, na hapana binadamu awezaye kuandika mistari mingi kiasi hicho asikosee. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ya kupenya wezi. Mtunzaji akigundua tundu hutengeneza kiraka, na kiraka humfikia mwenye kompyuta kwa njia ya intaneti. Mfumo ulioachwa matundu yake huendelea kugunduliwa vilevile, ila viraka haviji tena.

Kama waona kuwa natisha watu bure, kumbuka yaliyotokea Mei 2017. Programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali kadha wa kadha za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi mwaka ule ule, na waliokuwa wamekiweka walisalimika. Lakini watu wa kawaida waliokuwa bado na Windows XP, ambao utunzaji wake ulikoma Aprili 2014, hawakuwa na kiraka cha kuweka hata kama wangetaka. Walipewa baada ya maafa kutokea.

Basi nilikubali kuwa tuhame. Tuhamie wapi?

Watu wengi hujibu upesi: hamia katika kilicho kipya kabisa. Jibu hili halina heshima sana mbele ya historia. Windows Vista, uliotolewa mwaka 2007, ulikuwa mpya kuliko XP, na wengi walioufuata walilalamika kuwa kompyuta zao zilikuwa nzito kama mkokoteni wenye mawe. Waliongoja hadi mwaka 2009 walipata Windows 7, ambao watu waliupenda hata wakakataa kuuacha. Mwaka 2012 ukaja Windows 8, nao ukakiondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu mwaka 1995. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudishwa kwa aibu. Mtu aliyesema "ngoja kwanza" mwaka 2007 na tena mwaka 2012 hakuwa mvivu, ila kungoja kwake kulikuwa na faida kwa sababu mfumo aliokuwa nao ulikuwa ukitunzwa bado.

Hata safari hii Microsoft iliacha mlango wa kungojea. Wenye kompyuta za nyumbani waliahidiwa viraka hadi Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo wakikubali kuhifadhi mipangilio yao katika akaunti ya kampuni. Shule zenye mkataba wa leseni ziliwekewa bei ya dola 1 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, 2 kwa wa pili na 4 kwa wa tatu. Kwa haki, bei hiyo si ya unyang'anyi. Lakini kompyuta zetu 22 zilikuwa za mtumba, zilizonunuliwa kwa awamu tatu kwa michango ya wazazi, na mkataba wa leseni hatukuwa nao.

Nianze sasa na Windows 11, uliotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, kwa kuwa ndio ufikiriwao kwanza. Mwenye Windows 10 halali haulipii. Programu za zamani, karibu zote, zafanya kazi ndani yake bila kubadilishwa, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika: mhasibu wa shule hajifunzi upya, na mtahiniwa wa somo la kompyuta aliyezoea kutengeneza hifadhidata kwa programu fulani huikuta palepale. Vitufe vya chini vimehamishwa kutoka pembe ya kushoto vikawekwa katikati, na kwa siku chache mkono wako utabonyeza mahali patupu. Watu wameandika kurasa nyingi za hasira juu ya vitufe hivi. Mimi naona ni ugomvi wa watu wasio na shida nyingine.

Makosa ya haki ni mawili. La kwanza, toleo la nyumbani ladai, siku ya kuuweka, uwe na intaneti na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Kompyuta niliyoinunua kwa fedha yangu yaniuliza jina langu kwa niaba ya kampuni kabla haijakubali kuniandikia barua. Katika shule ambayo intaneti hukatika kila mvua inyeshapo, sharti hili ni usumbufu. Na hata intaneti ingekuwa imara, mimi nisingelipenda.

La pili ni zito zaidi. Windows 11 umewekewa lango. Kompyuta isiyo na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 haipiti, na yenye kichakataji cha Intel cha kabla ya kizazi cha nane haipiti pia, isipokuwa vichache sana. Kizazi cha nane kilianza kuuzwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba kompyuta nzuri ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, iwakayo kwa nusu dakika na isiyo na ugonjwa wowote, yaambiwa kuwa imekwisha. Nimejaribu kumsikiliza mtungaji, kama impasavyo mhakiki. Asema kwamba kidude kile hulinda funguo za siri hata mwizi akiichukua kompyuta yenyewe, na kwamba vichakataji vipya vina kinga ambazo vya zamani havina. Ni kweli. Lakini mwenye kompyuta ya zamani hapewi nafasi ya kuchagua kinga pungufu zaidi pamoja na viraka; aachiwa mfumo usio na viraka kabisa, hali ambayo ni hatari zaidi ya zote. Hapa ndipo mantiki ya kazi hii inapopasuka. Sababu ni ya usalama, na matokeo kwa mtu asiye na fedha ni kukosa usalama.

Katika kompyuta zetu 22, zilizopita langoni zilikuwa 5.

Fundi mmoja wa mjini alikuja akaniambia kuwa ana ujanja wa kuruka lango, na kweli aliuonyesha: baada ya saa moja kompyuta ya mwaka 2014 ilikuwa na sura ya Windows 11. Vijana walipiga makofi. Lakini Microsoft yenyewe imesema kuwa kompyuta zilizoingizwa kwa njia hiyo hazina hakika ya kupata masasisho, na toleo la mwaka 2024 lilikataa kuwaka kabisa katika vichakataji vya zamani sana. Tulikuwa tunahama kwa ajili ya viraka. Kuingia katika nyumba ambamo viraka havina hakika ni kurudi tulikotoka huku tumemlipa fundi.

Juu ya ChromeOS Flex wa Google, uliotolewa mwaka 2022, nitasema machache. Ni mwepesi, ni bure, na wafaa kompyuta za zamani. Lakini umejengwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye intaneti, nami nimekwisha kukueleza habari za mvua yetu.

Tubakie na Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo, akautoa bure ili kila mtu ausome na kuurekebisha. Kwa kuwa kila mtu ana ruhusa, yametokea matoleo mengi, na wingi huo ndio kosa la kwanza la Linux: mgeni huulizwa achague kati ya majina mengi asiyoyajua, kama mtu aliyeomba maji akaletewa orodha ya visima. Lililojulikana sana ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo latoka katika lugha za Kinguni, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Juu ya Ubuntu limejengwa toleo jingine, Linux Mint, ambalo sura yake yakaribiana na ya Windows za zamani. Mint 22, uliotoka mwaka 2024, umeahidiwa kutunzwa hadi mwaka 2029, na watosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Jambo lililonivuta zaidi ni kwamba Mint waweza kuujaribu kabla ya kuuweka. Waunakili katika flashi, wawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mfumo wote wajitokeza bila kugusa kilichomo ndani. Wauona kama spika zasikika, kama kibodi yakubali, kama skrini ina rangi zake. Ukichoka wachomoa flashi na Windows yako iko palepale. Ni wauzaji wachache wanaokuachia ukae na bidhaa hata ukatosheka.

Lakini siku ya kuuweka hasa, mfumo huuliza swali moja kuhusu kufuta diski, na mimi nililijibu kwa haraka. Alama za muhula mzima za Kidato cha Pili zilikuwa katika kompyuta ile, na hazikuwa penginepo. Wanafunzi 46 walifanya mtihani upya kwa sababu yangu. Swali lilikuwa limeandikwa wazi, kwa Kiingereza chepesi. Siwezi kuulaumu mfumo.

Upungufu wake halisi ni huu. Microsoft Office haiwekwi ndani yake. Mahali pake ipo LibreOffice, ambayo hufungua nyaraka zile zile, lakini majedwali huhama kidogo na maandishi huvuka mstari. Hifadhidata za Access zaleta taabu zaidi. Baadhi ya printa hazitambuliwi, na katika mji wetu nimempata fundi mmoja tu anayeujua. Kwa upande mwingine, kwa kuwa kazi hizi hazifungwi, watu wa lugha yoyote waweza kuzifanya zao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ruhusa ya kufanya hivyo ilikuwa imo ndani ya leseni yenyewe.

Basi tulifanya hivi. Kompyuta 5 zilizopita langoni zilipewa Windows 11 na kuwekwa kwa watahiniwa wa Kidato cha Nne, kwa kuwa si haki kumbadilishia mtu jembe wakati wa kupalilia. Zile 17 zilipewa Linux Mint. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walinung'unika majuma mawili, wakitafuta vitu mahali ambapo havipo. Wa Kidato cha Kwanza, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta, hawakunung'unika hata siku moja. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini kompyuta zile 5 za upande wa dirishani zina vitufe katikati, kana kwamba zina kasoro.

Kama kompyuta yako ni moja, ni mpya, na lango limekubali, sina sababu ya kukuzuia usitumie Windows 11; fanya tu nakala ya faili zako kwanza, mahali pawili. Kama lango limekukataa, usikubali kuambiwa kuwa kompyuta yako ni takataka kabla hujaiwasha kwa flashi ya Mint na kuitazama kwa macho yako. Printa ya chumba chetu cha walimu bado haijautambua mfumo huo. Kila mtu mwenye karatasi ya kuchapisha hubeba faili yake kwa flashi hadi kwenye moja ya zile kompyuta 5, na majira ya mitihani foleni yafika mlangoni.