Kujua majina si kujua muziki



Siku izi kwenye simu zetu kunapita sana yale maswali ya kujipima: unajua hip-hop na soul za zamani kiasi gani? Maswali kumi, kila moja na majibu manne ya kuchagua, na mwisho unapewa alama. Watu wanatumiana kwenye magrupu ya promosheni, wanachekana. Mwenye kupata 9 anajiona profesa, mwenye kupata 3 anaitwa mtu wa kijijini. Kucheza hakuna ubaya. Lakini ni lazima tuulize mchezo huu unapima nini. Mimi naona unapima kitu kidogo halafu unakipa jina kubwa.

Angalieni namna maswali yenyewe yako: mwaka gani, nani aliimba, albamu inaitwaje. Sisi tuliopita kwenye Génie en herbe tunaijua dawa yake: unashika kwa kichwa, unabonyeza wa kwanza, kesho umesahau. Kwa sisi tuliosoma agronomia ni sawa na mtu anayekutajia aina kumi za muhogo, lakini umpeleke shambani, hawezi kukuonyesha jani lenye mozaiki. Majina anayo. Muhogo haujui.

Tuchukue mfano moja. "Funky Drummer" ni ya nani? Jibu: James Brown. Alama moja, tunaendelea. Lakini kile kilichoufanya wimbo huu uishi miaka mingi si sauti ya James Brown, ni ngoma. Aliyepiga ngoma ile anaitwa Clyde Stubblefield, na ilirekodiwa 1969. Watu wa hip-hop walikata sekunde chache za mkono wake, wakazirudia-rudia ndani ya nyimbo zao nyingi. Public Enemy wako ndani, na "Fight the Power" yao ya 1989. Ni kama bitire ya muhogo: unakata kipande kwenye shamba la mwenzako, unapanda kwako, kinaota. Sasa Stubblefield hakuandikwa kati ya watunzi wa wimbo, kwa hiyo haki za mtunzi hazikumfikia, hata mkono wake ulipokuwa unasikika dunia nzima. Alikufa 2017. Swali lenye uzito lilikuwa hili: nani alilima, na nani alivuna? Kijana wa Baraka anayepiga gitaa ao kutengeneza midundo kwa ajili ya mwingine bila karatasi yoyote, swali hilo linamhusu yeye mwenyewe leo.

Wengine watasema: bila tarehe hakuna historia. Kweli kabisa. Lakini tarehe inafaa ikiwa imewekwa pembeni ya ndugu yake. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, mtoto wa Jamaika, alipiga sahani kwenye sherehe ya dada yake Cindy, aliyetafuta pesa za nguo za kurudia shule. Njo siku ambayo wengi wanaihesabu kama kuzaliwa kwa hip-hop. Muziki aliopenda kurefusha kwa sahani mbili ulikuwa hasa ule wa James Brown. Sasa ongezeni mwaka mmoja: tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, James Brown huyo huyo yuko Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, katika tamasha la Zaire 74. Bill Withers yuko, B.B. King yuko, The Spinners wako. Na wa Afrika wako vilevile: Miriam Makeba, Franco na OK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini wa Kisangani. Tamasha lilipangwa liende pamoja na pambano la Ali na Foreman, lakini Foreman aliumia juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki haukungoja.

Maana yake soul, katika miaka yake ya nguvu, ilikuja nchini kwetu. Katika maswali mangapi mmeona jambo hilo? Mimi sijaona hata katika moja.

Sababu haiko mbali. Anayetunga maswali anauliza juu ya kile kilichouzwa na kuonyeshwa. Filamu ya "Soul Power" ilitoka 2008, na ni filamu nzuri, lakini wageni kutoka Marekani njo wanaobeba uzito wake. Wenyeji wako pale kama watu wanaopokea wageni. Rekodi za wasanii wa Afrika za siku zile zilitoka kama albamu mwaka 2017 tu. Miaka 43 ndani ya masanduku! Kitu kilichofungiwa hakiulizwi, na kisichoulizwa watoto wanadhani hakikuwepo.

Sasa tushuke Fizi. Kwetu hip-hop haikufika kwa barabara ya Bronx, wala ya Kinshasa. Wengi ilitufikia kwa ziwa. Vita vya 1996 vilivusha watu wetu Tanganyika mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule. Upande wa pili rap ya Kiswahili ilikuwa imeshaota: Saleh Jabir alitoa rap ya Kiswahili 1991, Kwanza Unit wakaungana 1993, Mr II akafuata, na 2001 Professor Jay akatoa "Machozi Jasho na Damu". Mtu aliyekulia kambini, akarudi Baraka kwa meli, rap yake ya zamani ni hiyo. Aliisikia bila mtafsiri, akaelewa matani na uchungu wake palepale. Mpe yale maswali kumi, atapata 2. Je, huyu hajui hip-hop? Anaijua kwa njia nyingine, na njia hiyo haikuandikwa kwenye karatasi ya maswali.

Soul ni vilevile. Aretha Franklin alikuwa mtoto wa mchungaji, alianza kuimba kanisani kwa baba yake huko Detroit. Mwaka 1972 alirudi kanisani, akarekodi "Amazing Grace" mbele ya waumini. Al Green alipata kuwa mchungaji. Yule dada wa kwaya anayeanzisha wimbo, wenzake wakamjibu, halafu akavuta sauti moja mpaka wamama wanasimama, kitu hicho anakifanya kila Jumapili. Hajui jina lake kwa Kiingereza, basi.

Sisemi tufute michezo hii. Ina faida moja: ukikosa jibu, unaenda kusikiliza. Lakini sisi wenye lisansi tunaweza kutunga maswali mazuri zaidi. Kwa mfano: ngoma hii nani alipiga, na alilipwa namna gani? Wimbo huu ulikata kipande cha wimbo gani? Rap ya kwanza uliyosikia ilikuwa kwa lugha gani, na kaseti ilitoka wapi? Baloji wa Lubumbashi, mwenye jina ambalo kila Mswahili analielewa, alitoa "Hotel Impala" 2007 kwa kujibu barua ya mama yake. Kwa nini barua ilihitaji albamu nzima?

Na swali la mwisho, lisilo na majibu manne ya kuchagua: ni wazee gani wa mtaa wako waliokuwa wanacheza soul na rumba kabla ya vita, na walikuwa wanacheza wapi? Vita viliunguza nyumba, na picha na sahani vilipotea pamoja nazo. Kilichobaki kiko vichwani mwa watu wenye miaka 65 ao 70. Wao hawatatuma maswali kwenye simu. Ni sisi tutakaokwenda kuwauliza, na simu zetu zina mahali pa kurekodi sauti. Mwenye kuanza atuandikie hapa chini alichosikia, na mtaa gani.