Kinachohama na Kisichohama

Dada mmoja mwenye duka la steshenari karibu na chuo aliniita miaka michache iliyopita. Kompyuta yake ya mezani akiiwasha asubuhi, anafagia duka, anapanga karatasi, anarudi anaikuta bado inajikongoja. Mwanafunzi akija na flashi ya kuprinti ripoti, foleni inarefuka mpaka barazani. Alikuwa na laki mbili na nusu mkononi, na fundi wa jirani alishamshauri abadilishe prosesa. "Kaka, nimpe pesa aanze?" akaniuliza. Nikamwambia, "Subiri kwanza dada yangu, tufungue mfuniko."

Ndani tulikuta Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012: prosesa Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 kipande kimoja, na hadidiski ya GB 500. Prosesa ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inakaa bure ikiisubiri diski. Hadidiski ya aina ile ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahitaji kama milisekunde 10 kufika palipo na data. SSD haina kinachozunguka. Inafika kwa sehemu ya kumi ya milisekunde moja, au pungufu. Windows ikiamka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika huku na huko, kwa hiyo ucheleweshaji ule mdogo hujirudia maelfu ya mara. Tukanunua SSD ya GB 240, tukaongeza kipande cha pili cha RAM, na kesho yake mashine ilikuwa tayari kabla fagio halijafika mlangoni. Chenji ikabaki.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa kuboresha kompyuta kwa pesa chache, kila kifaa nakipima kwa swali moja: kitahama na wewe, au kitazikwa na boksi hili? SSD ya SATA huhama kutoka mashine ya 2012 hadi ya 2018 bila kunung'unika. Monita, kibodi na UPS pia huhama. RAM imefungwa na kizazi chake, prosesa na soketi yake, na pawa saplai za mashine nyingi za ofisini zimefungwa na chapa yake. Kwenye kinachohama, lipia ubora. Kwenye kisichohama, tafuta kinachotosha, na mtumba hauna aibu.

Kwa sababu SSD ndiyo itakayoishi na wewe, ichunguze kuliko kitu kingine chochote. SSD nzuri ina jina la kampuni unayoweza kuitafuta, namba kamili ya modeli, na kiwango cha uandikaji kilichotajwa kwa terabaiti. Inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa, iache. Zipo zilizotengenezwa zidanganye: kompyuta inaonyesha TB 2, ndani kuna chipu ndogo, na mafaili yakishaijaza yale ya awali yanafutika kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski data kisha huisoma tena, na uongo hujitokeza wenyewe. Uzito wa kasha haukuambii kitu. Kwa mashine ya zamani yenye SATA pekee, usilipie kasi ya ziada pia, maana njia yenyewe inakomea kwenye MB 550 hivi kwa sekunde.

Ukiuziwa diski ya mtumba, omba CrystalDiskInfo ifunguliwe mbele yako. Tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Saa nyingi peke yake hazinitishi. Kinachonitisha ni sekta zilizohamishwa: namba hiyo ikiwa juu ya sifuri, mimi siweki hapo picha za harusi ya mtu.

RAM nitaipitia haraka. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa inapata njia mbili za kusomea, na tofauti huonekana zaidi pale ambapo grafiki ya ndani ya prosesa inaazima RAM hiyo hiyo. DDR3 na DDR4, ambazo ni vizazi tofauti vya RAM, zina kijipengo mahali tofauti, hivyo ukiona kipande kinagoma kuingia usikilazimishe. Ukifika nyumbani, iache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja, rudisha.

Kwenye prosesa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa sababu stika ya i7 ina mvuto. Soma tarakimu zinazofuata baada ya kistari. Core i7-2600 ni kizazi cha pili, ya 2011. Core i3-8100 ni kizazi cha nane, ya 2017, na i3 hiyo inaishinda i7 ile huku ikitumia umeme kidogo. Angalia pia herufi ya mwisho. i5-8500 huanzia gigahezi 3.0, lakini i5-8500T, iliyobanwa kwenye wati 35 ili itoshee boksi dogo, huanzia 2.1. Halafu kuna mtego wa soketi LGA 1151. Vizazi vya sita na saba vinaitumia, vya nane na tisa navyo vina soketi ya jina hilo hilo, ila madabodi zake hazipokezani. Nimeona kijana amenunua prosesa ya kizazi cha nane kwa akiba ya miezi kadhaa, ikaingia kwenye soketi vizuri kabisa, na mashine isiwake.

Majina ya mashine zenyewe nayo yanachanganya. Mwaka 2023 Dell ilitoa tena kompyuta inayoitwa OptiPlex 7010, safari hii ikiwa na prosesa za kizazi cha 13. Kwa hiyo ukisikia tu "7010 hii, bosi, bei ya leo", bado hujaambiwa chochote. Uliza kizazi.

Sasa boksi, ambalo wengi wetu huliita sipiyu. Kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue utaonyeshwa maumbo matatu: mnara, jembamba la kulaza, na dogo la kushika kwa mkono mmoja. Dogo linapendeza mezani, lakini kwa mtu wa bajeti ndilo ninalolipenda kidogo kuliko yote, kwa sababu limeshakuamulia kila kitu. Linakula RAM za laptopu na halina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida. Jembamba linapokea kadi fupi tu. Mnara una nafasi ya diski ya pili, ya kadi ndefu, na ya mkono wa fundi kuingia bila kukwaruza kitu. Mnara wa mtumba uliotunzwa nausifia bila kusita.

Mnara nao una masharti yake. Kuanzia kizazi cha nne cha Intel, mashine nyingi za ofisini za Dell na HP ziliachana na plagi ya kawaida ya pini 24, zikaweka za pini 8 au 6. Pawa saplai ikiungua, ya dukani haiingii hivihivi. Utatafuta ya modeli hiyo hiyo au adapta. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 kwa juu kabisa, na kwenye boksi jembamba mara nyingine pungufu, hivyo kadi yoyote inayodai waya wake wa umeme iache dukani. Ukichagua kadi ya GT 1030, hakikisha ni ya GDDR5. Ya DDR4 ina jina lile lile, lakini kasi ya kupitisha data ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi tu.

Mfuniko ukiwa wazi, tazama vumbi. Vumbi jembamba lililolala sawasawa kila mahali ni habari njema: mashine ilikaa ofisini miaka yake na haikuchokonolewa. Boksi linalong'aa nje kwa rangi mpya huku skrubu za ndani zimechubuka vichwa linanipa wasiwasi. Kagua kapasita, vile vimikebe vilivyosimama kwenye madabodi. Kichwa kiwe bapa kabisa. Kilichovimba kama kopo la maziwa lililoharibika kinatangaza kifo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliua mashine dunia nzima, OptiPlex GX270 zikiwa miongoni mwake, na mpaka leo jicho langu huanzia hapo. Nusa pawa saplai. Harufu ya kuungua haifichiki. Mwombe muuzaji aiache mashine iwake nusu saa wakati mnaongea. Feni ikianza kulia kwa nguvu bila kazi yoyote, huenda ni girisi ya prosesa iliyokauka, na hiyo si ghali. Ikizima yenyewe, ondoka.

Ukikuta swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai yenye 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115 hufa kwa mlio mmoja kwenye umeme wetu. UPS usiiache iwe ya mwisho kwenye orodha, maana kompyuta ya mezani haina betri ya kuivusha umeme unapokatika katikati ya kazi.

Kisha kuna suala la Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote zilizo chini ya kizazi cha nane zimeachwa nje. Kwa mwenye mashine ya zamani inayofanya kazi za maandishi na intaneti tu, Linux Mint ni njia ya heshima na haina gharama. Dada wa steshenari hakuweza, kwa sababu programu za wateja wake ni za Windows. Tukaenda tena sokoni, tukatafuta mnara wa OptiPlex 7060 wenye i5-8500, na kwa makusudi tukachagua uliokuwa hauna diski, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini.

Nilichomoa SSD kutoka mashine ya zamani, nikaichomeka kwenye mpya, nikaweka Windows 11. Monita, kibodi na UPS vikabaki palepale mezani. Dada akaniuliza vile vipande viwili vya RAM tuvifanye nini. Ni DDR3, nikamwambia. Akavifunga kwenye karatasi ya A4, akavitia droo ya chini pamoja na stepla zilizoharibika.