Insulini bila frigo: utafiti muzuri, lakini unaanzia nyumbani

Wandugu, wiki hii nimesoma tena ule utafiti wa 2021 wa Médecins Sans Frontières na Université de Genève juu ya insulini. Mimi ni mtu wa agronomia, si munganga. Lakini kwa jirani yetu hapa Kamina kuko mutoto wa kike wa miaka 11 mwenye diabeti ya aina ya 1, ile ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia seli zinazotengeneza insulini. Mama yake aliambiwa: hauna frigo, basi dawa ibaki huku kituoni. Njo maana wanatembea asubuhi na jioni, kila siku, sababu ya sindano.

Utafiti ulitoka kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi: linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Maabara ya Genève ikaiga joto hilo kwa wiki 4. Insulini haikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu yake, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Kwa protini, hiyo ni habari kubwa! Tunajua yai: likisha kuiva, halirudi kuwa bichi.

Ninachopenda zaidi ni kwamba walianza na nyumba ya mgonjwa, hawakuchukua joto la kitabu. Sisi watu wa kuku tunaelewa hilo. Chanjo ya Newcastle ya aina ya I-2 ilipendwa vijijini kwa sababu inavumilia joto.

Lakini niko na neno. Utafiti unaanza pale chupa imekwisha kufika salama mkononi mwa mgonjwa. Kwetu dawa inatoka Lubumbashi, kwa treni ao kwa kamiyo. Treni ikilala njiani siku mbili, ndani ya behewa la chuma, nani alipima? Na zile wiki 4 tuzihesabu toka siku gani? Insulini iliyopigwa na jua inaweza kuonekana safi kabisa, kumbe nguvu imepungua. Mtu akisoma kichwa cha habari tu, «insulini haihitaji frigo», anaweza kuua mtoto.

Na yule anayeshikilia «nyuzi 2 mpaka 8 ao basi»? Huyo anamchosha mtoto, anamkosesha masomo. Kusema kweli, njo huyo ninayekutana naye kila mara.

Kipimo cha joto nilichotumia kwa memwari yangu ya lisansi, kwenye ghala la mahindi, nimekiweka nyumbani kwa mama yule, pembeni ya mtungi wa maji. Siku 9 sasa, mchana chini ya mabati, hakijapita 31. Juma tatu tunaenda pamoja kwa munganga, na namba zetu na utafiti wenyewe.